Panya kaacha nikotini, au kalewa dawa tu? Naomba ushauri

Wakuu, salaam. Niko masomoni Marekani, kwenye maabara ya panya. Kila panya ana mrija mwembamba kwenye mshipa wa shingo. Akibonyeza kibao anapata nikotini, miligramu 0.03 kwa kilo ya uzito wake. Nataka kujaribu vareniklini pamoja na bupropioni, dawa mbili za kusaidia watu kuacha sigara. Ya kwanza hukaa kwenye vipokezi vya nikotini (sehemu za seli za ubongo ambako nikotini hujishika) na kuviamsha nusunusu, ya pili huzuia dopamini na noradrenalini, kemikali za kupeleka ujumbe kwenye ubongo, zisirudishwe haraka ndani ya seli.

Tatizo, nimebaki na panya nane tu ambao mirija yao haijaziba. Nilipanga kila mmoja apitie hali zote nne: maji ya chumvi bila dawa (ya kulinganishia), kila dawa peke yake, kisha zote mbili, kwa mpangilio tofauti na siku za mapumziko katikati. Mwenzangu anasema bora makundi tofauti, dawa isije ikabaki mwilini. Kwa panya nane? Sijashawishika.

La pili ndilo linaninyima usingizi. Juzi mmoja hakugusa kibao kabisa, nikafurahi, kumbe kajikunja kwenye kona, hata punje ya chakula hataki. Kipimo cha kibao cha chakula, yaani wabonyeze kupata chakula badala ya nikotini ili nione kama dawa imewalegeza tu, niwafanyie haohao au nitafute wengine? Mliopitia haya, nisaidieni.