Nani atashika timu Kocha akienda Doha

*Kikundi: Wazazi na Makocha, Basketi ya Mtaa (Mombasa)*

Kocha Suleh: Assalam aleykum wazazi, habari za jioni kwa wote. Nataka mlipate kwangu kabla hamjaliskia njiani. Visa ya Doha imetoka, naondoka mwisho wa mwezi inshallah. Mazoezi hayasimami. Kocha Zai ameshika wasichana toka mwanzo na mimi naonelea achukue na vijana wa chini ya miaka 16. Semeni mna maoni gani

Mamake Brian: Woi kocha 😢 hongera sana, Mungu akutangulie, lakini hawa watoto utawaliza

Babake Hamisi: Hongera kocha, walai umetufaa. Hamisi siku hizi magharibi haimpati nje na hio ni kazi yako. Sasa mniwie radhi nitasema wazi. Wale vijana wana miaka 15, sauti zishakuwa nzito, wengine washanipita urefu. Zai namheshimu, ni mtoto wetu wa hapa hapa, lakini vijana kama wale wataka mwanamume wa kuwakanya. Na zile mechi za Malindi tukienda tukalala, nani atalala na vijana?

Mamake Salma: La kulala ni swali la haki kabisa tutalijibu. Hilo la kukanya nijibu mimi kwa sababu kila jumamosi nipo pale ukutani na viazi karai vyangu naona yote. Ile siku ya mechi Hamisi alimsukuma kijana wa watu chini ya ringi, kocha Suleh hakuwepo, alikuwa Zai peke yake. Hakupiga kelele. Alimtoa, akampa kalamu na ile karatasi ya mezani akamwambia hesabu faulo za timu mpaka robo iishe. Sasa Hamisi kuhesabu akaona kumbe yake yeye ndio ilikuwa faulo ya tano ya timu kwenye robo hio, ndio maana wale wengine walipewa mitupo miwili ya bure na kila faulo baada ya hapo ikawa hivyo hivyo. Akarudi akakaa kando ya Zai kimya akawa anamuuliza maswali. Babake Hamisi, mwanao amekanywa na hakuaibishwa mbele ya watu

Babake Hamisi: Hio hakuniambia

Mamake Salma: Hawezi kukwambia huyo 😅

Mamake Brian: Na mimi niongeze. Brian alikuwa akiruka anatua miguu imenyooka kama fimbo na magoti yanaingia ndani, mimi mama yake sijawahi kuona hio kitu. Zai akamsimamisha akachora mstari na chaki akamwambia ruka, tua kwa vidole kwanza, kunja magoti, na goti liangalie kule vidole vinaangalia. Tena na tena mpaka jasho linamtoka na mpira hajaushika. Brian alikuja nyumbani amekasirika kweli lakini saa hizi anatua vizuri

Kocha Zai: Shukran mama. Hio ya kutua huwa nafanya na wote kabla hatujagusa mpira, wasichana zaidi, kwa sababu wao ndio huumia ile kano ya ndani ya goti kuliko wavulana. Ikikatika mara nyingi ni operesheni na miezi tisa au zaidi nje. Afadhali waniite mkali

Kocha Suleh: Babake Hamisi ndugu yangu, wakumbuka Morans 2021? Timu yetu ya taifa ya wanaume haikuwa imefika AfroBasket, yale mashindano ya mataifa ya Afrika, toka 1993. Mwezi wa pili ule wakaenda Yaoundé kwenye mechi za kufuzu wakampiga Angola 74 kwa 73, Angola aliyekuwa na vikombe 11 vya Afrika wakati ule, mchezaji wetu Ongwae akatia kikapu cha mwisho muda unaisha. Aliyekuwa amesimama pale kando akiwaongoza wanaume warefu wote wale ni kocha Liz Mills, mwanamke. Akawapeleka AfroBasket yenyewe Kigali wakamfunga Mali. Hakuna mwanamke aliyewahi kuongoza timu ya wanaume AfroBasket kabla yake

Babake Hamisi: Nakumbuka sana hio mechi. Lakini kocha, yule ni mgeni, ni Mwaustralia, amekuja na kazi yake na watu wazima. Zai ataka kuishi na sisi hapa. Siku mtoto wa mtu akimjibu vibaya maneno yatazunguka mtaa mzima na ni yeye yatamuumiza. Mimi hofu yangu ni hio pia, si kwamba namdharau

Kocha Zai: Nimekuelewa ami na nashukuru umelisema hapa hapa. Mimi nitachukua vijana kwa masharti. Safari yoyote ya kulala, baba wawili wanakuja na wanalala upande wa vijana, mimi na mama mmoja upande wa wasichana. Baba wasipopatikana hatuendi, hata kama basi limelipwa. Hakuna kocha, mimi au mwengine yeyote, anabaki na mtoto mmoja peke yao au anampeleka nyumbani na piki. Na ujumbe wa mazoezi unapita humu kwa wazazi, hatumwandikii mtoto inbox usiku. Hata nikiwa sipo atakayekuja afuate hivyo hivyo

Mamake Salma: Hio ya inbox tungeiweka zamani. Nawaambia wazazi wenye wasichana, hilo ndilo linalotufanya tuwaruhusu. Salma anacheza na hijab yake, refa mmoja alitaka kumtoa, Zai akamwonyesha kwenye simu kwamba FIBA, shirikisho la basketi la dunia, waliruhusu toka 2017, akamaliza mechi

Mzee wa Duka: Mimi sina mtoto mle lakini wanacheza mbele ya duka langu. Huyo binti anafungua duka la dawa asubuhi anafunga anakuja uwanjani hajala. Nani anamlipa?

Kocha Suleh: Hakuna mzee. Hata mimi hakuna aliyenilipa, lakini mimi sikuwa na timu mbili

Mamake Brian: Basi tuchange, kila nyumba itoe kidogo kila jumamosi, nauli na chakula cha Zai kwanza kabla ya jezi. Jezi zile zinatosha

Babake Hamisi: Sawa. Malindi naenda mimi, niandikeni baba wa kwanza. Tafuteni wa pili. Na hio ya nauli ya Zai niwekeni pia

Kocha Zai: Allah akulipe ami 🙏

Mzee wa Duka: Na chakula aje achukue hapa dukani msimtumie pesa mkononi atanunua mipira

Kocha Zai: Mzee 😂 ule mpira namba 6 wa wasichana umepasuka kweli, wanacheza na 7 ule mkubwa wa wavulana na mikono yao haiufikii wanarusha kutoka kiunoni

Kocha Suleh: Nitauacha wangu namba 6 kabla sijaondoka. Ijumaa baada ya asri njooni wote, nataka kuwakabidhi vijana kwa Zai mbele ya wazazi, ufunguo wa stoo na pampu atachukua siku hio hio. Baba wa pili wa Malindi ajitokeze basi

Babake Said: Niandikeni mimi