Mjadala: Kumpa Madeleine jina lake, ni haki au ni kujikosha?

Wakuu, naleta hoja.

Mwaka 2019 makumbusho ya Orsay, Paris, yaliandaa maonyesho kuhusu watu weusi waliochorwa katika sanaa ya Ufaransa. Humo ulikuwamo mchoro wa Marie-Guillemine Benoist, uliooneshwa mara ya kwanza mwaka 1800 kwa jina lililomtaja mwanamke aliyechorwa kwa rangi ya ngozi yake tu. Orsay wakauita "Madeleine". Ndiye mtumishi aliyeletwa kutoka Guadeloupe, koloni la Ufaransa huko Karibi, na shemeji ya mchoraji. Wengine walifurahi, wengine wakasema historia inachezewa.

Msimamo wangu: jina apewe, ila tusidanganyane kwamba sasa Madeleine amekaa daraja moja na mabibi wa kwenye kuta za jirani.

Ufaransa ya karne ya 18, mtu alijichorisha ili watu wajue yeye ni nani, au wamdhanie hivyo. Aliyetoa pesa alikuwa na sauti juu ya nguo, kiti, hata vitabu vya mezani. Madame de Pompadour, hawara wa Mfalme Louis XV, hakuzaliwa kabaila. Mchoraji La Tour, katika picha ya mwaka 1755, alimzungushia vitabu, kimojawapo juzuu la Encyclopédie, ile kamusi kubwa ya elimu, na hakumvika kito hata kimoja. Yaani: nitambueni kwa akili. Kabla ya hapo, mwaka 1747, mhakiki La Font de Saint-Yenne alikuwa ameshalalamika kwamba Salon, yaani maonyesho rasmi ya sanaa ya Paris, yamejaa sura za watu wasiojulikana. Kila mwenye visenti alitaka awe ukutani!

Na nguo haikuwa mchezo. Mwaka 1783 Vigée Le Brun alimchora Malkia Marie-Antoinette akiwa na gauni jepesi jeupe, watu wakaja juu mpaka picha ikaondolewa, ikaletwa nyingine ya hariri. Hiyo ni gauni tu. Madeleine amechorwa titi likiwa wazi. Nani alimuuliza?

Mlinganisheni na Jean-Baptiste Belley, aliyewahi kuwa mtumwa kisha akawa mbunge wa Saint-Domingue (Haiti ya leo). Girodet alimchora mwaka 1797 na sare yake, mshipi wa rangi tatu za bendera ya Ufaransa kiunoni, ameegemea sanamu ya Raynal, mwandishi aliyeulaani utumwa. Picha ile ina jina na ina cheo.

Karibuni.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Mkuu, unamtetea huku unamshusha. Itazame tena. Amekaa kwenye kiti cha kibibi, anatutazama usoni, hajabeba trei wala mwavuli wa mtu. Kitambaa cheupe, shali ya buluu, utepe mwekundu: hiyo ni bendera ya Jamhuri. Utumwa katika makoloni ya Ufaransa ulikuwa umefutwa mwaka 1794. Benoist alikuwa anasema jambo.

MLETA HOJA: Benoist, sawa. Ndiyo hoja yangu hasa: anayesema ni Benoist. Mwaka 1802 Napoleon akaurudisha utumwa, mwaka 1818 mchoro ukanunuliwa na serikali ya mfalme, na bendera hiyo haikumsaidia mtu yeyote kule Guadeloupe. Ila la kiti nakupa, sikulipa uzito.

MCHANGIAJI WA PILI: Mimi nina wasiwasi mwingine. Mkifuta jina la zamani mnawafutia na aibu yao. Mgeni ataingia, atasoma "Madeleine", atadhani Wafaransa walikuwa waungwana tangu zamani.

MLETA HOJA: Basi yaandikwe yote mawili, na sentensi moja chini ieleze yeye alikuwa nani katika nyumba ile. Wanaotaka la zamani libaki peke yake nawauliza hivi: mwaka 1733 mchoraji Nattier alimchora Mademoiselle de Clermont, binti wa ukoo wa kifalme, kama mke wa sultani, amezungukwa na watumishi weusi wasio na majina. Naye tumwite "Picha ya mwanamke mweupe"?