Ushauri: Kanuni za maktaba zinagongana nikiziandika kwa mantiki ya wajibu

Mleta mada:
Wanajamvi, habari za wakati huu. Ninaandika programu ya kukagua kanuni za kuazima vitabu katika maktaba ya chuo, kwa kutumia mantiki ya wajibu na ruhusa iliyotokana na kazi ya mwanafalsafa G. H. von Wright ya mwaka 1951. Nimeingiza mambo manne: mwazimaji ana wajibu wa kurudisha kitabu kwa wakati; ni wajibu kwamba akiwahi kukirudisha asitozwe faini; akichelewa, ni wajibu atozwe; na mwanafunzi fulani amechelewa. Programu inajibu kwamba ni wajibu atozwe na pia ni wajibu asitozwe. Mkutubi yeyote anazielewa kanuni hizi bila taabu, kwa hiyo naomba kujua mgongano unatoka wapi.

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu, programu yako ni nzima. Hicho ni kitendawili alichokieleza mwanafalsafa Roderick Chisholm mwaka 1963, kuhusu wajibu unaozaliwa pale wajibu mwingine unapovunjwa. Katika mfumo huo, kila kinachofuata kimantiki kutokana na mambo ya wajibu nacho huwa wajibu; basi mambo mawili ya kwanza yanazaa wajibu wa kutotoza, na mawili ya mwisho yanazaa wajibu wa kutoza.

Mleta mada:
Nashukuru. Je, nikiiandika ya pili kwa umbo la ya tatu, yaani "akiwahi, ni wajibu asitozwe"?

Mchangiaji wa kwanza:
Mgongano utaondoka, lakini kanuni itabaki ganda tupu. Katika mantiki hii, sentensi ya sharti huhesabiwa kuwa kweli kila sharti lake lisipotimia; kwa kuwa hakuwahi, sentensi hiyo itakuwa kweli hata ukiimalizia kwa "ni wajibu achapwe viboko".

Mchangiaji wa pili:
Mimi ningetumia alama ya wajibu inayobeba mambo mawili, yaani kinachotakiwa na hali ambayo kinatakiwa, ili kutoza wakati wa kuchelewa kusigongane na kutotoza wakati wa kuwahi. Kazi itakayobaki, nayo si ndogo, ni kueleza lini wajibu wa hali fulani unamshika mtu halisi. Kwako jibu huenda ni tarehe ya mwisho ikishapita. Halafu jihadhari na neno "au". Mwanafalsafa wa sheria Alf Ross alionyesha mwaka 1941 kwamba wajibu wa kuposti barua unazaa wajibu wa kuiposti au kuichoma, kwa sababu "ameiposti au ameichoma" inafuata kimantiki kutokana na "ameiposti". Kwa hiyo, programu ikikuambia kwamba mwazimaji ana wajibu wa kurudisha kitabu au kukichana, usiiruhusu imwonyeshe mwanafunzi hitimisho hilo.