Tupeane uzoefu: uliandikaje notsi, ulirudiaje, na nini kilibaki kichwani?

Mwanzisha mada (mwalimu wa Baiolojia, Morogoro)

Wakuu salaam. Nafundisha sekondari, na kuna jambo linaniuma kila nikikusanya madaftari. Unafungua kaunta buku ya mtoto: mwandiko safi, vichwa vimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, mchoro wa moyo umepakwa rangi zote. Unamwuliza, damu ikitoka mapafuni inaingia chumba kipi cha moyo? Kimya. Na ni ukurasa alioandika mwenyewe juzi. Anakumbuka hadi mchoro ulipo, kushoto kwa chini, ila kilichomo hakijaingia.

Shule zetu nyingi notsi zinapatikana hivi: mwalimu anampa monita kitabu, monita anajaza ubao, darasa linanakili. Lugha ni Kiingereza, na wengi wametoka kusoma msingi yote kwa Kiswahili. Mkono unafanya kazi, akili haijaulizwa kitu. Mwaka 1972 watafiti wawili wa Marekani, Di Vesta na Gray, walitenganisha kazi mbili za notsi. Ya kwanza ni kule kuandika kwenyewe, pale akili inapochambua inachosikia. Ya pili ni kuwa akiba ya kurudia baadaye. Kunakili ubaoni kunaiua ile ya kwanza. Na mtoto asipofungua tena daftari mpaka wiki ya mtihani, hata ya pili hajaipata.

Naomba tupeane uzoefu wa kweli. Mliosoma zamani, mnaosoma sasa, mliohifadhi Kurani, mliosomea ufundi, karibuni wote.

Mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa tatu

Mwalimu, umegusa penyewe. Chuoni kwetu desa, yaani notsi za kugawana, haliishi. Kila mhadhara una slaidi, na slaidi zikishatumwa kwenye grupu mtu anajiona ana somo tayari, kumbe ana faili tu.

Kikundi chetu cha msuli, cha kujisomea, kina utaratibu mmoja. Mhadhara ukiisha, kila mmoja anageuza alichoandika kuwa maswali. Haandiki "neva ya radiali inapita hapa", anaandika "mgonjwa amevunjika mfupa wa mkono wa juu katikati, kiganja kimeanguka, neva ipi imeumia?" Jioni tunaulizana bila karatasi. Asiyejibu anaondoka na swali hilo, na kesho ndilo analoulizwa kwanza. Anatomia ni majina mengi mno, lakini zile neva za mkono nilizoulizwa hivyo mwaka wa kwanza bado ninazo, na sasa nakutana nazo wodini.

Wapo wanaotumia programu za kadi za maswali na majibu kama Anki, ambayo yenyewe inachagua kadi ya kukuletea leo na ya kukuletea wiki ijayo. Ni nzuri, mradi kadi utengeneze mwenyewe.

Ustadh, Tanga

Assalaam alaykum. Nitasema ninachokijua, nacho ni kuhifadhisha watoto.

Kwetu mtoto haanzi somo jipya kabla hajasikilizwa la jana. Msahafu naushika mimi, yeye anasoma kwa kichwa. Akikwama simpi aya nzima, nampa neno moja, namsubiri alete yanayofuata mwenyewe. Juzuu za nyuma nazo zina siku zake, tunaita muraja'a. Aliyefika juzuu ya kumi akiacha muraja'a ya tatu na ya nne, atakuwa na juzuu kumi za kwenye hesabu tu. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tuitunze Kurani kwa kuirudia, kwa kuwa inaponyoka upesi kuliko ngamia aliyefungwa kamba.

Jambo jingine nawaagiza wasalie sunna kwa kile walichohifadhi wiki hiyo. Ndani ya swala hakuna kuchungulia, na hapo mtoto anajua mwenyewe wapi pameshika na wapi hapajashika.

Nashangaa kidogo kwamba watoto hawahawa wakienda shule wanasoma historia kwa kutazama daftari tu, mara ya pili, mara ya tatu. Uwezo wanao. Hawajaambiwa kwamba unatumika hata kule.

Mwanzisha mada

Ustadh, shukrani sana. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana, akaja kupima ni muda gani anaokoa akijifunza upya orodha ileile. Baada ya saa moja muda aliouokoa ulikuwa umeshuka chini ya nusu, na baada ya siku moja ulibaki kama theluthi. Kutoka hapo unashuka polepole. Mwaka 2015 watafiti Murre na Dros walirudia jaribio hilo na wakapata mchoro unaofanana na wake. Silabi zisizo na maana si somo la darasani, lakini kasi ile ya siku ya kwanza naiona kwa wanafunzi wangu. Kwa hiyo hilo la kusikiliza somo la jana kabla ya jipya nimelichukua. Kuanzia muhula huu kipindi changu kinaanza na maswali ya kipindi kilichopita, madaftari yakiwa yamefungwa.

Fundi umeme, Mwanza

Mimi ni wa ufundi, sina maneno mengi. Mwalimu wetu alikuwa anatukataza kuandika tukiwa kwenye bodi ya mazoezi. Unafunga waya, unajaribu, taa inawaka. Ukirudi bwenini ndipo unachora sakiti yote kwa kichwa. Asubuhi unalinganisha na ya kwake, ulipokosea unaweka duara. Swichi ya njia mbili ya kwenye ngazi naichora hata usiku wa manane. Waliokuwa wanachora huku wanatazama mchoro wa mwalimu walikuwa na michoro mizuri kutuzidi.

Mdau, Kakamega

Hapa Kenya wanafunzi wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hudurusu kwa karatasi za miaka iliyopita, na wengi hufungua majibu kabla ya kujaribu. Swali linasomwa, jibu linasomwa, kichwa kinatikiswa. Mimi huwaambia wangu: andika kwanza, hata kama utakosa, ndipo ufungue.

Kuna utafiti wa Roediger na Karpicke wa mwaka 2006 ambao huwasimulia kila mwaka. Wanafunzi wa chuo walisoma kifungu. Kundi moja likakisoma tena, jingine likafunika na kuandika lilichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki mambo yaligeuka: waliojikumbusha walibaki na asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Tazameni hizo dakika tano. Mwanafunzi anaposoma tena ukurasa usiku, anahisi ameshika, na kwa usiku huo kweli ameshika. Ndiyo sababu ni vigumu kumshawishi.

Na hizi hailaita, kalamu za kupaka rangi maandishi, jamani. Mwaka 2013 Dunlosky na wenzake walipitia mbinu kumi za kujisomea. Kupaka rangi na kusoma upya ziliwekwa daraja la chini. Kujipima na kugawa masomo kwa siku kadhaa ndizo zilizopewa daraja la juu.

Mwanafunzi wa chuo, Dodoma

Nina swali na nina pingamizi. Tunaambiwa laptopu inaharibu kumbukumbu, tuandike kwa mkono. Utafiti unaotajwa ni wa Mueller na Oppenheimer, 2014, ambao waliotumia laptopu waliandika maneno mengi zaidi lakini wakashindwa zaidi kwenye maswali ya kuelewa. Lakini mwaka 2021 utafiti uliorudia jaribio hilo haukupata tofauti hiyo kwenye alama. Mimi nachapa, kwa sababu mwandiko wangu kesho siusomi. Ninachokikwepa ni kuchapa kila neno la mhadhiri. Nasikiliza hoja ikiisha, ndipo naandika kwa maneno yangu, nusu Kiswahili nusu Kiingereza.

Kinachonitisha zaidi ni simu. Mhadhiri akibadili slaidi, mikono inapanda, picha zinapigwa. Hapo hakuna kazi ya kwanza wala ya pili aliyotaja mwalimu, maana picha hizo zinalala na picha za harusi.

Mama wa mtoto wa kidato cha pili, Singida

Mwalimu naomba unisaidie. Niliishia darasa la saba. Binti yangu anasoma kwa bidii, anakesha na daftari, na matokeo hayaji. Siwezi kumfundisha kwa sababu Kiingereza sikijui. Nafanyaje?

Mwanzisha mada

Mama, usiache. Huhitaji kujua somo. Jioni mwambie afunge daftari akueleze kwa Kiswahili walichosoma leo, kama anavyomweleza mtu ambaye hajawahi kukisikia. Wewe uliza unapopotea: "kwa nini?", "halafu inakwenda wapi?" Akikwama mwache afikiri kidogo, ndipo afungue atafute mwenyewe, afunge tena, akueleze. Mnaweza kufanya hivyo mnapika.

Kesho kabla ya somo jipya mwulize la leo. Jumamosi mwulize ya wiki nzima kwa kuchanganya, Jiografia kidogo, Baiolojia kidogo. Kukesha apunguze, alale. Kumbukumbu hujengeka mtu akiwa usingizini pia.

Kwa kuwa upimaji ni kwa Kiingereza, akishakueleza aandike maneno makuu ya Kiingereza pembeni ya ukurasa, na kwa kila neno swali moja. Profesa Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell aliwafundisha wanafunzi wake kuacha safu ya pembeni kwa kazi hiyohiyo. Kaunta buku ina nafasi ya kutosha, apige mstari kwa rula. Akitaka kujipima anafunika upande mpana kwa karatasi, anabaki na maswali, anajibu kwa sauti. Akimaliza mada moja nitumie kwa ujumbe wa faragha maswali aliyoyashindwa, nitamwelekeza.