Wananitaka niwe mgombea mwenza, mimi nataka urais wa serikali ya wanafunzi

mwaka_wa_pili_Dom:

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, hasa kwa waliowahi kushika uongozi wa wanafunzi vyuoni, maana fomu zinaanza kutolewa karibuni.

Niko mwaka wa pili chuo kimoja hapa Dodoma, nasomea ualimu. Tangu mwaka wa kwanza naongoza kikundi cha kujitolea kinachokwenda Jumamosi kwenye sekondari ya kata iliyo jirani na chuo. Tulianza kwa kufundisha hesabu kidato cha pili. Kila mwezi wasichana walikuwa wanapotea siku tatu nne, tukajua shida ni taulo za kike. Tukaazima cherehani, tukashona za kufua, tukagawa. Bado wakawa wanapotea. Siku moja binti mmoja akanivuta pembeni akaniambia, "Dada, vyoo vyetu havina makomeo." Mmoja akiingia, mwenzake lazima asimame nje ashike mlango, na maji hakuna hata ya kunawa.

Nikaenda kwa mkuu wa shule, akanipeleka kwenye bodi ya shule. Bumu, yaani pesa ya mkopo wa kujikimu, lilipoingia nikapita vimbwetani, pale wanafunzi wanapokaa kusoma, na daftari, kila anayechanga naandika jina na kiasi mbele yake. Tukanunua makomeo, bawaba na simtanki la lita 1,000. Milango ilikuwa imevimba kwa mvua, fundi akalazimika kuiranda kwanza ndipo makomeo yakakaa. Sasa hivi mahudhurio ya wasichana pale yanafurahisha, mwalimu wa malezi mwenyewe anasema.

Sasa siasa. Kundi la wenzangu wa kiume limenifuata niwe mgombea mwenza. Hoja yao: "Una moyo wa huruma, utatuletea kura za wadada." Mgombea wao wa urais alifika pale shuleni siku ya kukabidhi tanki. Picha aliyopiga siku hiyo iko kwenye mabango yake, chini imeandikwa "kiongozi wa vitendo". Kazi ni ileile, mwenzangu kapata uongozi na mimi nimepata huruma. Hilo linaniuma kuliko lolote.

Halafu vikao vya kupanga timu vinafanyika saa nne usiku hosteli ya wavulana. Sisi huko haturuhusiwi kuingia, na geti letu saa hiyo limeshafungwa. Asubuhi naletewa maamuzi. Nikubali umwenza, au nichukue fomu ya urais?

mbunge_wa_kitivo_mstaafu:

Dada yangu, hongera kwa kazi. Nakushauri kama mtu aliyezipita hizo kampeni: chukua umwenza. Mwaka huu unajifunza ofisi inavyokwenda, unajuana na utawala, mwakani unasimama ukiwa na jina. Hata Mama Samia alikuwa mgombea mwenza 2015. Urais wa chuo unataka fedha za mabango na usafiri, na unataka watu wa kukulindia kura usiku wa kuhesabu. Ukishindwa, ile kazi yako ya shule nayo itaonekana ilikuwa kampeni.

Shangazi wa Kinondoni:

Mwanangu, nimeisoma habari yako mara mbili.

Huyo kaka hapo juu ana nia njema, lakini mfano wake haukusaidii. Rais Samia aliingia Ikulu Machi 2021 kwa sababu Rais Magufuli alifariki na Katiba ikaelekeza hivyo. Hakuna aliyemwambia 2015 kwamba zamu yake inakuja. Wewe unaambiwa usubiri "mwakani" na watu ambao mwakani hawatakuwepo chuoni kutimiza ahadi.

Mimi nimesoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka ya tisini. Tuliingia tukiikuta hofu ya Punch. Kwa wasiojua: yalikuwa maandishi na michoro ya kubandika ukutani, wanaume wasiojulikana wakimdhalilisha msichana waliyemchagua, na anayeandikwa hutengwa. Mwaka 1990 Levina Mukasa, mwanafunzi, alijitoa uhai baada ya kuandamwa na watu hao. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichoanzishwa 1987, kilipaza sauti, na wanaharakati wakaendelea kupigania sheria mpaka ikapatikana ile ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Wanawake wengi wa rika langu walijifunza pale chuoni kukaa kimya kwenye mikutano, kwa sababu aliyesimama kuongea ndiye aliyeonekana.

Nakueleza haya ili ujiandae. Ukichukua fomu, wataanza na mwili wako, kisha nani analipia mabango, kisha nani "anakubeba". Siku hizi hawahitaji ukuta, yataandikwa kwenye makundi ya WhatsApp. Kila utakachokiona kipige picha, weka na tarehe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawahusu hao, na vyuo vingi sasa vina dawati la jinsia. Nenda ukajitambulishe dawatini kabla ya kampeni, wakujue ukiwa mzima, usisubiri siku unalia.

Na lile daftari la michango lilinde sana. Mtu anayeandika kila shilingi mbele ya mchangaji ana sifa ambayo serikali za wanafunzi zinaililia.

mkaazi_wa_Nyeri:

Salamu kutoka Kenya. Hapa kwetu Sheria ya Vyuo Vikuu ilirekebishwa 2016, ikataka mwenyekiti wa baraza la wanafunzi na naibu wake wawe wa jinsia tofauti. Ni hatua nzuri. Lakini miaka ya mwanzo timu nyingi ziliielewa kwamba mwanamke ni wa kujaza nafasi ya naibu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilisubiri hadi 2021 ndipo Anne Mvurya akawa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha wanafunzi. Kwa hivyo dadangu, sheria hukufungulia mlango, lakini fomu lazima uijaze wewe.

Kuhusu hilo la huruma: Wangari Maathai alipoanza kupanda miti na kina mama 1977, wakubwa waliona ni shughuli ya wanawake wa vijijini, haina madhara. Walishtuka 1989 alipopinga jengo la ghorofa 60 pale bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Na kabla ya miti, akiwa mhadhiri Nairobi, alidai marupurupu ya wahadhiri wa kike yalingane na ya wanaume. Kwake miti na haki vilikuwa kazi moja.

taulo_bila_kodi:

Naongezea kwenye ilani yako. Kenya iliondoa kodi ya VAT kwenye taulo za kike 2004. Sisi tuliiondoa 2018, ikarudishwa 2019 kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Ukiwa waziri wa jinsia utagawa taulo. Ukiwa rais wa wanafunzi utakaa meza moja na utawala, utauliza kwa nini duka la chuo linauza bei ile na kwa nini hosteli ya wasichana inakosa maji wiki nzima. Mimi ni mdada, nimepiga kura kila mwaka, na sijawahi kuona jina la mwanamke kwenye karatasi ya urais chuoni kwetu. Wanaosema wadada hatuchaguani watuletee kwanza huyo wa kumchagua.

mwaka_wa_pili_Dom:

Asanteni sana. Shangazi, shikamoo, na ubarikiwe. Jana nilikwenda dawati la jinsia kama ulivyosema, wamenipokea vizuri.

Nimewajibu wenzangu kwamba nachukua fomu ya urais, na mwenza wangu atakuwa kijana ninayefundisha naye hesabu Jumamosi. Vikao vyetu vitakuwa saa kumi jioni kantini, kila mtu aweze kufika. Wawili katika lile kundi wameomba kuja upande wetu. Mgombea wao nimemwandikia aondoe picha ya shule kwenye mabango, maana wale watoto wanaoonekana hawakuombwa ruhusa.

Ada ya fomu ninayo, wadhamini bado wachache. Ninachokwama kwenye ilani ni kipengele cha mikopo: wanafunzi ambao bumu lao linachelewa kwa sababu majina hayajasainiwa. Kama kuna aliyewahi kuwa waziri wa mikopo chuoni, anieleze karatasi ya majina hayo inapita ofisi zipi kabla ya kufika Bodi ya Mikopo, na huwa inakwama wapi.