Leipzig, Oktoba 9, 1989: kwa nini askari hawakufyatua risasi?

Msomaji_Tanga: Shikamooni wakubwa. Nasoma habari za kuanguka kwa Ujerumani Mashariki, na kuna jioni moja inanishinda. Leipzig, siku ya Jumatatu: watu kama 70,000 barabarani, polisi na wanajeshi wamejipanga, silaha zipo. Miezi minne nyuma China ilimwaga damu Tiananmen, na bunge la Berlin Mashariki likaiunga mkono. Nani alizuia risasi?

Mzee_Kikwajuni: Marahaba mwanangu. Nilikuwapo, ingawa kuwapo kwangu kulikuwa kwa dirishani. Nilikuwa nasomea uchapaji. Asubuhi ile tuliambiwa bwenini wageni tusisogee katikati ya mji. Bi mkubwa wa kantini, mwanawe yuko jeshini, aliitia chumvi mara mbili supu ya viazi, na hakusema neno. Siku tatu kabla, gazeti la mji lilikuwa limetoa barua ya kamanda wa wanamgambo wa viwandani kwamba ikibidi watalinda nchi kwa silaha. Hivyo kila aliyetoka nyumbani alijua anaendea nini.

Watu walianzia kanisa la Nikolai, kwenye maombi ya amani ya kila Jumatatu. Chama tawala kilipeleka wanachama wake mamia wakavikalie viti mapema. Wakakaa, wakalazimika kuyasikiliza maombi! Mle ndani nguzo nyeupe zimechongwa makuti juu. Mara ya kwanza kuingia nilicheka peke yangu: nimeiacha minazi Unguja, naikuta kwa Wajerumani kanisani.

Saa kumi na mbili jioni vipaza sauti vya mjini vikatoa sauti ya Kurt Masur, kiongozi wa okestra ya Gewandhaus. Alisoma tamko la watu sita, watatu wao makatibu wa chama mkoani, wakiomba utulivu na mazungumzo. Umati ukaingia barabara inayouzunguka mji wa kale. Kutoka dirishani nilisikia mvumo tu, kama bahari wakati wa kusi, kisha maneno yakaanza kupambanuka: "Sisi ndio wananchi!" Walipita mbele ya ofisi za Stasi, polisi wa siri wa nchi ile, na hakuna aliyerusha jiwe. Wengi walishika mishumaa, na mshumaa unataka mikono miwili, mmoja wa kushika na mwingine wa kukinga upepo.

Amri? Helmut Hackenberg, aliyekuwa akikaimu ukatibu wa chama mkoani, alimpigia simu Egon Krenz, mmoja wa wakuu wa chama kule Berlin. Krenz akasema atampigia. Hackenberg akachoka kungoja, akaamuru askari warudi nyuma, wajilinde tu wakishambuliwa. Simu ya Berlin iliporudi, watu walishapita.

Bin_Seif: Mzee, umeeleza vizuri, ila umemsahau Gorbachev, kiongozi wa Usovieti. Mwaka 1953 vifaru vya Kisovieti ndivyo vilivyozima maandamano nchi ile. Safari hii wanajeshi wao walibaki kambini. Na Hungaria ilishafungua mpaka tangu Septemba, raia wanatoroka kwa maelfu. Mti ule ulishaliwa na mchwa.

Mzee_Kikwajuni: Sikatai. Lakini mchwa wako unawaona leo, mti umeshalala chini. Mama aliyeacha watoto kwa jirani saa kumi na moja akaenda zake Nikolai hakuwaona. Heshima yangu iko kwake kuliko kwa huyo wa Moscow.

Msomaji_Tanga: Na nyinyi wageni, ikawaje baadaye?

Mzee_Kikwajuni: Jumatatu iliyofuata nilikwenda mwenyewe, na watu walikuwa wengi zaidi. Honecker, mkuu wa chama na nchi, akang'oka Oktoba 18, ukuta wa Berlin ukafunguka Novemba 9. Halafu kibwagizo kikageuka. "Sisi ndio wananchi" kikawa "sisi ni taifa moja". Kwa Kijerumani ni kubadili kijineno kimoja tu. Sisi wa nje tulikisikia kijineno kile kwa sikio jingine. Mwaka 1990 vibarua wa Msumbiji na Vietnam, waliofanya kazi viwandani miaka, walirudishwa kwao kwa maelfu. Mimi masomo nilimaliza, ila usiku niliacha kupanda tramu peke yangu. Bi mkubwa wa kantini, mwanawe kesharudi salama, ndiye aliyekuwa akinisindikiza hadi kituoni, na ndoo yake ya maganda ya viazi mkononi.