Miaka 50 ugenini: twende nyumbani, tumlete mama, au tufanye hapa hapa?

MamaWatatu

Habari za humu ndani. Mume wangu anatimiza miaka 50 mwakani. Tunaishi ugenini na watoto watatu: mkubwa ana 15, wa kati 9, na kitindamimba atakuwa anakaribia miaka 2. Siku yenyewe inaangukia katikati ya muhula. Miaka mingine huwa tunazima mishumaa baada ya chakula cha jioni, basi, kila mtu akalale. Ila hamsini si mchezo, na mama yake mzazi bado yupo. Nimekaa na kalamu nimepata njia nne:

1. Sote watano tupande ndege, sherehe ifanyike kwa wazazi.
2. Tumlete mama mkwe huku, wifi yangu amsindikize.
3. Tufanye hapa hapa na marafiki, ndugu wajiunge kwa video.
4. Tusafiri sisi watano tu, mahali papya, tupumzike.

Hela ipo ya jambo moja, si mawili. Halafu nataka iwe ya kumshtukiza, asijue chochote. Waliopitia hili naomba mnisaidie kupima.

Nahodha_NchiKavu

Dada, kabla ya kupima lolote, weka pasipoti zote tano mezani. Nchi nyingi zinataka pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 mbele, na za watoto huisha mapema kuliko za wakubwa, kwa hiyo mara nyingi ndizo zinazokwamisha safari. Kisha angalia vibali vya ukaazi. Kama kuna hata kimoja kiko kwenye foleni ya kuhuishwa, namba 1 isimamishe kwanza mpaka uulize kwa maandishi kama mnaruhusiwa kutoka na kurudi. Kutoka hakuna shida. Kurudi ndiko watu hukwama.

Na huyo kitindamimba. Mtoto chini ya miaka 2 hupakatwa, na mashirika mengi ya ndege hutoza karibu asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Akitimiza 2 mkiwa bado safarini, wakati wa kurudi anatakiwa awe na kiti chake. Kwa hesabu ya nauli, tarehe ya kuzaliwa ya mtoto ina uzito kuliko ya baba yake.

BiKiherehere

Namba 4, tena bila kufikiri mara mbili. Ukienda nyumbani sherehe si yako tena. Kamati inaundwa kabla hujafunga sanduku, na mwenyekiti wake ni mtu ambaye hamjaongea tangu msiba wa mwisho. Orodha ya wageni unaipata ukiwa tayari umefika. Na kila anayekuja kukupongeza anakuvuta pembeni: ada ya mtoto, paa linalovuja, kesi ya shamba. Halafu mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo mabegi yenu yatajaa zawadi za watu wengine ilhali mwenye siku yake ni yeye. Mtu anarudi kazini amechoka kuliko alivyoondoka.

Mjukuu_wa_Mwisho

BiKiherehere, ya kamati ni kweli tupu, nimecheka peke yangu kwenye basi. Lakini namba 4 ataikumbuka nani? Watoto watakumbuka bwawa la kuogelea. Mtu anapofika hamsini ugenini, kinachomsumbua ni kwamba amezeeka mbali na waliomlea, na hoteli hailitibu hilo.

Mimi ni wa namba 2. Hesabu yake ni nyepesi: tiketi mbili badala ya nne na kipande, watoto hawakosi shule, baba hahangaiki na likizo kazini. Na kuna faida ambayo watu hawaitaji: mama anaona kwa macho yake mnavyoishi. Ukiwa huko anakuwazia ama unateseka ama una mali iliyofichwa. Akishaona sebule yenu na mnavyobanana asubuhi kugombania bafu, simu za kuomba vitu hupungua zenyewe.

Fundi_Mitambo

Namba 3 inadharauliwa kwa sababu watu huifanya vibaya. Simu inaegemezwa kwenye jagi, muziki unaunguruma, watu ishirini wanapunga mkono kwa pamoja. Upande wa pili bibi kaishika simu sikioni, kwa hiyo nyinyi mnaona nywele na yeye haoni kitu. Baada ya dakika tano mtu anasema "mtandao mbaya" na ndiyo imetoka hiyo.

Fanyeni hivi. Piga KABLA ya wageni kuingia, sebule ikiwa kimya. Kila upande awepo kijana mmoja ambaye kazi yake ni kushika simu tu, amfuate anayezungumza. Wazungumzaji wapangwe, watatu wanatosha. Zoom ya bure hukata baada ya dakika 40, na hilo ni jema, hotuba zinajua mwisho wake. WhatsApp inachukua watu 32 kwenye simu moja ya video, ila ukishavuka wanane ni vurugu. Wengine wote wakutumie video fupi wiki moja kabla, uziunganishe, zichezwe usiku wageni wakiwepo.

Angalizo la saa. Nchi nyingi za Ulaya hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Marekani, majimbo mengi, ni Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Nchi nyingi za karibu na ikweta hazibadilishi kabisa. Kama siku yake iko karibu na tarehe hizo, usiseme "muda ule ule wa siku zote". Andika saa ya kila upande kwenye mwaliko.

Bibi_wa_Simu

Wanangu, nimekaa nasoma mnavyonipangia. Mimi ni huyo mama mkwe wa kwenye namba 2. Nililetwa kwa mwanangu alipotimiza umri huo huo, kwa hiyo nisikilizeni.

Sherehe ilikuwa jioni moja. Ilipendeza, sitasema uongo. Lakini nilikuwa nimekatiwa tiketi ya karibu miezi mitatu "ili nauli isipotee". Asubuhi wote wanatoka, kazini na shuleni, mlango unafungwa, mimi na televisheni isemayo lugha nisiyoijua. Nilifika mahali nikawa najua siku gari la taka linakuja, nasimama dirishani kulisubiri kama mgeni wangu. Waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walikuwa na busara. Tatizo hata jembe sikupewa, kila nikigusa sufuria naambiwa "pumzika mama".

Kwa hiyo: mleteni, ila wiki tatu au nne, na iwe watoto wako likizo ili kuwe na mtu ndani ya nyumba. Mpeni kazi. Kwenye ndege apate kiti cha kando ya njia asiombe watu wampishe, ainuke atembee kila baada ya muda maana miguu huvimba. Dawa zake zikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na cheti cha daktari, zisiende kwenye sanduku. Na mwombeeni kiti cha magurudumu cha uwanjani hata kama anatembea vizuri. Hutolewa bure, mnalitaarifu shirika angalau saa 48 kabla. Hamkiombi kwa ajili ya miguu. Anayekisukuma ndiye anayejua njia na foleni zote.

Nahodha_NchiKavu

Shikamoo mama. Umemaliza kila kitu, mimi naongeza la viza tu.

MamaWatatu, namba 2 na kushtukiza havikai chumba kimoja. Anayealika hutakiwa kutoa barua ya mwaliko, uthibitisho wa kipato na mara nyingi mkataba wa nyumba. Kama vipo kwa jina la mumeo, lazima asaini yeye. Utamfichaje mtu karatasi anayoisaini mwenyewe? Labda kama kipato na nyumba viko kwa jina lako.

Muda nao. Kama mko nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usiingoje hiyo 15, kupata tu miadi kunaweza kula wiki kadhaa. Mgeni wa viza fupi huruhusiwa siku 90 ndani ya kila siku 180. Kwingine kuna taratibu nyingine, lakini hakuna mahali utajuta kwa kuanza mapema. Na msikate tiketi isiyorudishwa kabla viza haijatoka, hata bei ikitabasamu vipi.

BiKiherehere

Shikamoo mama. Ya gari la taka imenimaliza. Bado niko namba 4 lakini sauti yangu imepungua.

KakaMtulivu

Mimi nimeshavuka hamsini, nikiwa ugenini na familia, na nilishtukiziwa. Natoka kazini na mvua imeninyeshea, nawaza maji ya moto na kitanda. Nafungua mlango, taa zinawaka, sebule imejaa watu wanapiga kelele. Nusu yao ni wafanyakazi wenzangu ambao nilikuwa nimeachana nao saa moja iliyopita. Nilicheka kwa sababu mke wangu alikuwa anang'aa kwa furaha. Ukweli ni kwamba jioni ile nilimfanyia yeye sherehe.

Dada, watu wote hapa tumejadili nauli, viza na simu, ila hakuna aliyeuliza yeye anataka nini. Wanaume wengi tukikaribia umri huo tunakuwa na kitu kimoja mahususi kichwani, hatukisemi mpaka tuulizwe. Muulize. Mshtukize kwa zawadi, si kwa umati.

Na huyo wa miaka 15 asisahauliwe. Kama ana mitihani, namba 1 na 4 zina maana ya kumwacha kwa watu au kumkokota akiwa amenuna.

MamaWatatu

Asanteni sana, na shikamoo bibi. Nimemuuliza jana tukiwa tunakunja nguo, kwa kuzunguka zunguka. Nilidhani atasema ametamani kwenda nyumbani. Kasema sherehe haitaki hata kidogo, ila angependa mama yake aje aone shule ya watoto na mahali anapofanyia kazi, kwa sababu kila akimweleza kwenye simu anaitikia tu "haya baba". Kumbe amelifikiria muda mrefu.

Basi ni namba 2, lakini tumeihamishia kwenye likizo ya shule, miezi miwili baada ya tarehe yenyewe. Siku ya tarehe tutafanya ya Fundi: simu kabla ya chakula, mkubwa wangu ndiye mshika simu, video za ndugu zichezwe usiku. Hizo video ndizo nitakazomshtukizia. Barua ya mwaliko anaandika mwenyewe, na nimemwona anaifurahia kuliko nilivyotegemea.

Limebaki moja. Wifi anaendelea kuwa na ulazima? Vyumba ni viwili, na tiketi yake ndiyo inayobana bajeti.

Mjukuu_wa_Mwisho

Kama mama anasafiri kwa ndege moja isiyobadilisha, wifi abaki. Kiti cha magurudumu kitamfikisha mpaka mlangoni mnaposubiri.

Nahodha_NchiKavu

Na kama anabadilisha ndege njiani, tafuteni tiketi moja ya shirika moja, mzigo uende moja kwa moja mpaka mwisho wa safari. Ukikata tiketi mbili tofauti, ya kwanza ikichelewa, ya pili haiwahusu.

Bibi_wa_Simu

Mimi nasema muulizeni mama mwenyewe, kama mlivyomuuliza mwanawe. Wengine tunapenda kusafiri peke yetu, tukae na watu tuzungumze. Akikataa kusafiri bila binti yake, wifi aje wiki ya kwanza tu kisha atangulie kurudi. Ila kwenye vile vitanda vya dabodeka vya watoto, mama alale chini, wifi apande juu.